Kengele Haikulia

Mzee Otim hakuingia dukani siku ile. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akamwambia Ami Swaibu hakai, amekuja kumwonyesha kitu tu. Akatoa kwenye bahasha kijitabu cha ibada ya kumkumbuka mama yake. Kizuri, wallahi. Karatasi nzito, picha ya mama katikati, na ua la bluu kwenye kona.

"Hii kazi ilikuwa yenu, Hajji," akasema. "Nilituma meseji Jumatatu mchana, picha ndani, maneno ndani. Nikangoja. Nikaona mmenyamaza, nikapeleka kwa Omolo."

Akakirudisha kijitabu kwenye bahasha polepole, akaaga, akaenda zake.

Ami Swaibu alimsindikiza kwa macho. Aligeuka tu akamwangalia Moreen. Na mimi kule nyuma na mkasi wangu na zile plastiki za kufunikia vitambulisho, nikamwangalia Moreen pia. Kwa sababu Mzee Otim hakuwa wa kwanza. Kabla yake kulikuwa na mwalimu wa madrasa na mitihani yake, na kabla ya huyo kulikuwa na watu wa kadi za harusi. Wote walituma, wote walinyamaziwa, na wote waliishia kwa Omolo, duka la pili kutoka letu ukishuka.

"Haikulia, Hajji," Moreen akasema. "Ingelia ningeiona. Mimi si nakaa hapa tu?"

Ndiyo hivyo. Anakaa hapo tu. Ndiyo shida yenyewe.

Duka letu liko Old Kampala, chini ya msikiti mkubwa, kwenye yale majengo ya zamani yenye nguzo na baraza. Tunachapa barua, tunaprinti, tunafunga vitabu vya wanafunzi wa chuo, tunatengeneza kadi. Ami Swaibu ni mdogo wa baba yangu, na mimi naishi kwake yeye na Shangazi Zahara, kwa hiyo nikitoka shule nateremka moja kwa moja dukani. Nakaa nyuma. Nakata, nafunika, nabana. Siongei. Si kwamba sina maneno, yapo, ila yakifika hapa kooni yanaangaliana na kurudi.

Moreen ametoka Kenya, upande wa Busia, na ndiye anayekaa kwenye kompyuta ya mbele. Kiganda bado kinampiga chenga, kwa hiyo dukani ni Kiswahili, na sisi hatuna shida, kwetu kimekuwepo tangu babu wa babu. Yeye ndiye mtu pekee pale anayeongea na mimi bila kudai jibu. Ananiita Kimya. Ananunua chapati, anaigawa mara mbili, ananisukumia nusu kwenye meza bila hata kugeuka, huku anaendelea kusimulia mambo ya mwenye nyumba wake wa Makindye. Nacheka kwa pua, yeye inamtosha.

Sasa niseme jinsi kompyuta zinavyofanya kazi, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa. Zamani wateja walikuwa wanakuja na flashi zimejaa virasi, kila wiki mashine inalala chini. Umar, mtoto wa Ami, akachoka, akafuta kila kitu akaweka mfumo mwingine, Linux, ule wa bure unaotengenezwa na watu mtandaoni. Virasi zikaisha. Na kwenye ile kompyuta ya mbele akaweka programu ya kupokea meseji za wateja. Hiyo programu haina dirisha lake. Inakaa tu kule chini kwenye kona ya skrini, kwenye ule mstari wa vijipicha vidogo, yenyewe ni kengele. Meseji ikija inasema ting, kiboksi kinachungulia pale kwenye kona, kinakaa kama pumzi mbili, kinaondoka. Ukiwa umegeuka kuchukua karatasi, umekikosa.

Vijipicha vingine Umar alivikunja vikaingia chini ya kamshale kalichoko pale pale kwenye kona, havionekani mpaka kabonyezwe. Alikuwa na sababu. Mteja wa kuchapisha barua hukaa ubavuni pa Moreen akimsomea, macho kwenye skrini. Siku moja akakaa bwana mmoja anachapisha barua ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kiboksi kikachungulia: mwanamke anauliza kama karatasi zake za talaka ziko tayari. Kumbe bwana ni shemeji yake. Ilikuwa kelele mpaka barazani. Ndipo Umar akakunja kila kitu kilichoweza kukunjwa, akapunguza muda wa kiboksi, akatuambia kamshale tusikaguse ovyo. Halafu akapata kazi Port Bell, kwenye maghala ya bandarini, akatuachia mashine na namba ya simu.

Siku ile Mzee Otim alipoondoka, Ami alivaa miwani, akabonyeza kamshale mwenyewe, akafungua orodha ya meseji. Ya Mzee Otim ilikuwepo. Jumatatu, mchana, na picha ya mama.

"Imefika," Ami akasema. "Hii hapa. Na kwenye hiki kiti alikuwa amekaa nani?"

"Mimi, Hajji. Lakini haikulia."

Asubuhi yake Ami akafanya jaribio. Nilisimuliwa na Shangazi, mimi nilikuwa shule. Alitoa simu yake, akatuma meseji dukani akiwa amesimama papo hapo, na mashine ikasema ting, tena kwa sauti. Akajaribu tena, ting. Akamwambia Moreen kuanzia leo asifungue ile orodha, atakayefungua ni yeye Hajji, na Moreen kazi yake ni moja: ikilia, amwite.

Jioni nyumbani, tukila, Ami akasema mashine haina ugonjwa. Shangazi Zahara akasema yeye hilo alishalijua, si mara moja wala mbili amemwona Moreen na Omolo wamekaa kwenye ngazi za jengo lile la Omolo wanakula pamoja, wameinamiana, ukipita wananyamaza. Na hata lile ua. Nani hajui lile ua la bluu? Ni letu, liko kwenye kadi zetu zote. Limefikaje kwa Omolo kama hakuna mtu amelipeleka?

Nilikuwa nimeliona ua. Nilikuwa nimeona na mambo mengine, ambayo sikuyasema. Kwamba Moreen simu yake ikiwaka anaifunika na kiganja. Kwamba wiki ile alipokea simu akatoka nje kabisa, akaongea amegeukia ukuta. Nilikuwa nayageuza kichwani. Ukishaanza kumwangalia mtu kwa jicho lile, hata akikohoa unajiuliza anamwashiria nani.

"Jumamosi jioni nitaagana naye," Ami akasema. "Lakini sitaki kumdhulumu mtu. Hindu."

Nikainua kichwa. Hindu ni mimi.

"Wewe mdomo huna, lakini macho unayo. Mchunge. Ukiona kitu uniambie kabla ya Jumamosi jioni. Usipoona kitu pia uniambie."

Nikasema kale, yaani sawa kwa Kiganda. Ni neno dogo, lilipita.

Basi nikamchunga. Unakaa nyuma na mkasi, unakata kitambulisho cha mtu, jicho moja kwenye mgongo wa Moreen. Ilikuwa ajabu kwamba mgongo wake ulijua. Alikuwa haongei sana tena. Chapati bado aliigawa, lakini alinipa mkononi, si kuisukuma, na aliponipa aliniangalia usoni kidogo zaidi ya kawaida. Nikadhani: anajua nimetumwa. Halafu nikadhani: au anataka kuninunua. Kwa nusu chapati, hebu fikiria.

Alhamisi nilimwona Omolo amepita mbele ya duka, hakuingia, akainua kidole tu. Moreen akainua chake. Ni salamu hiyo? Au ni ishara? Ijumaa watu wawili walikuja kuuliza kwa nini meseji zao za jana hazijajibiwa, na Ami alipofungua orodha zilikuwepo, zimelala tu. Hakuuliza tena alikaa nani. Alifunga orodha, akasema, "Hasbiyallah," akaingia nyuma ya pazia.

Nyuma ya pazia ndipo anaposali. Msikiti uko juu kidogo tu ya kichwa chetu, lakini goti lake halitaki kupanda kilima tena, kwa hiyo sala ya Ijumaa tu ndiyo anapelekwa kwa pikipiki. Sala nyingine zote ana mkeka wake hapo ndani.

Jumamosi hakuna shule, nikawa dukani tangu kufungua. Nilikuwa na mpango. Shangazi Zahara ana simu ya pili, ya biashara yake ya mitandio, namba ambayo hakuna mtu dukani anaijua. Nilimwomba, akanipa, akanikonyeza. Nikaiweka kwenye mkoba wangu wa shule, na nilipokuwa najifanya natafuta rula nikatuma meseji: Habari zenu, naitwa Rosebella, nataka kadi za harusi, mnatengeneza?

Ting.

Moreen akamwita Hajji papo hapo. Ami akaja, akasoma, akamwambia amjibu. Moreen akamjibu Rosebella vizuri sana, akamwambia karibu mpendwa, tuma majina na tarehe. Niliisoma chini ya meza nikaona aibu kidogo. Lakini nikasema moyoni, subiri. Asubuhi Hajji yuko macho. Tuone mchana.

Ikafika adhuhuri. Adhana ya msikiti mkubwa ikianza, sisi pale tunaisikia mpaka kwenye meno. Moreen alisimamisha printa, kama tunavyofanya siku zote, na Ami akatoka mezani kwake. Akapita nyuma ya kiti cha Moreen, akainama juu ya bega lake, akashika mausi, akabonyeza kitu, akaingia nyuma ya pazia. Ni jambo dogo. Anafanya kila siku. Nilikuwa nimeliona mpaka nilikuwa silioni tena, kama mtu anavyozima taa.

Alipomaliza kusali na kutoka, nikatuma tena: Ni Rosebella, majina haya hapa, bado nangoja bei.

Kimya.

Na hapa ndipo nililipwa kwa kuchunga, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya Moreen. Yote miwili. Alikuwa amesimama, anaingiza karatasi kwenye printa, amegeukia ukuta. Mausi ilikuwa peke yake mezani. Hakuna mtu aliyefuta kitu wala kuficha kitu. Skrini ilikuwa mbele yangu wazi, na kwenye ile kona hakikuchungulia kitu chochote. Wala kengele yenyewe haikuwepo.

Nikatuma tena. Kimya tena.

Haikulia.

Nilisimama nikaenda mpaka kwenye kompyuta, nikajifanya naazima stepla, nikaangalia kona vizuri. Asubuhi kengele ilikuwepo, naapa. Sasa pale ilipokuwa pamebaki kamshale tu. Nikatoka barazani, nikampigia Umar. Kwake naweza kuongea, pengine kwa sababu wakati wote nyuma yake kuna kelele za magari ya mizigo na hanisikii vizuri.

Nilimuuliza baba yake hubonyeza nini akitaka kusali.

Umar akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema Ramadhani iliyopita mzee alilalamika kwamba yuko kwenye sijida na kompyuta inapiga ting, ting, kama mtoto anayemwita. Kwa hiyo alimwonyesha: bonyeza kengele, itanyamaza, sali kwa raha. "Nilimwambia akimaliza aibonyeze tena," akasema. Nikamuuliza ataibonyezaje na haipo. Akasema hapana, ipo, ila ikinyamazishwa inajikunja chini ya kamshale na zile zingine, ndivyo alivyoipanga yeye mwenyewe, kila kisicho na kelele kinaingia ndani ili skrini iwe safi.

Akaguna.

"Yaani mzee anaona kengele imeondoka," akasema, "anafikiri imeenda kulala na itaamka yenyewe."

Na ilikuwa inaamka, kweli. Asubuhi, mashine ikiwashwa. Ndiyo maana majaribio ya asubuhi yalikuwa yanasema ting na meseji za mchana zilikuwa zinakufa.

Nikamuuliza na ua la bluu. Akasema ua gani, lile linakuja na programu ya kadi, la bure, liko kwenye kila mashine aliyowahi kuiwekea, na za Omolo aliziweka yeye pia, baba hajui tu.

Sasa nilikuwa na kila kitu, na sikuwa na kitu. Kwa sababu ni nani angemwambia Ami Swaibu? Msichana anayepiga magoti kumsalimu, asimame mbele ya wateja amwambie, wateja umewafukuza wewe, kwa kidole chako, ukienda kusali? Nilijaribu. Nilirudi ndani, nikasimama kando ya meza yake. Akauliza, "Umeona kitu?" Nikasema, "Ami." Akangoja. Kukaingia mtu anataka fotokopi. Ami akaniambia tutaongea baadaye. Nikarudi nyuma kwenye mkasi wangu.

Nikampigia Umar tena, nikamwambia azungumze yeye. Akasema mzee simu yangu haipokei tangu tulipogombana mambo ya Port Bell, unajua. Halafu akasema neno ambalo nimelishika. Akasema, "Hindu, hiyo skrini haikushuka kutoka mbinguni. Watu waliiandika, wakakosea, wengine wakaandika tena. Na wewe andika."

Haikuwa kazi kubwa, nisijisifu. Umar alishanionyesha lile jukwaa la mtandaoni ambapo watengenezaji na watumiaji wa hii mashine yetu wanabishana: kiboksi kikae au kiondoke, vijipicha vionekane au vikunjwe, nani aamue. Napenda kusoma pale. Wanagombana kwa heshima, na hakuna anayesikia sauti ya mtu. Kuna mmoja alishatengeneza kijiprogramu cha utepe unaobaki kwenye skrini mpaka mtu auguse. Kazi yangu ilikuwa kukipakua, kukifunga kwenye kengele, na kuandika maneno. Moreen alitoka kununua chakula, Ami akawa na mtu wa mihuri, nikakaa kwenye kiti cha mbele.

Nikaitoa kengele chini ya kamshale, nikaipigilia ionekane daima, ikilala na ikiwa macho, na ukiibonyeza ilale tu, kuiamsha iwe kwa utepe. Hiyo ilikuwa rahisi. Maneno ndiyo yalinitoa jasho. Kwanza niliandika: Hajji umezima kengele. Nikafuta. Nikaandika: Moreen hana kosa. Nikafuta hiyo pia, kompyuta haiwezi kusema hivyo, angejua ni mtu. Mwisho niliandika hivi:

Kengele imenyamazishwa. Meseji zilizofika tangu hapo zinangoja. Gusa hapa kuiamsha.

Na pembeni ya utepe, idadi tu ya meseji, bila majina, bila maneno ya mtu, ili anayekaa ubavuni asijue ya mwenzake. Kisha nikaificha kazi yangu. Nilitaka ianze kuongea alasiri, Ami akibonyeza kwa mkono wake mwenyewe, si kabla.

Moreen alirudi akanikuta nainuka kwenye kiti chake. Aliangalia kiti, akaangalia mimi.

"Sasa na wewe," akasema. Basi, hiyo tu. Mkononi alikuwa na chapati. Hakuigawa.

Alasiri ikaadhiniwa. Dukani kulikuwa na dada mmoja anachapisha wasifu wake na wanafunzi wawili wanangoja vitabu. Moreen akasimamisha printa. Ami akaja, akainama, akabonyeza, na alipokuwa anainuka utepe ukatoka, wa manjano, kwenye kona ile ile. Alidhani ni kiboksi, akangoja kiondoke. Hakikuondoka. Akaingia kusali.

Alisali. Nilisikia goti likilalamika kwenye rakaa ya mwisho. Akatoka, na utepe bado upo. Akavaa miwani. Dada wa wasifu naye akaanza kuusoma, midomo inacheza. Moreen alishausoma zamani, alikuwa amekaa wima, mikono mapajani kama yuko mahakamani.

"Hii ni nini?" Ami akasema.

Moreen akasema yeye haruhusiwi kugusa, Hajji aguse mwenyewe.

Ami akagusa. Viboksi vikaanza kushuka, ting, ting, kimoja juu ya kingine, vyote vya tangu adhuhuri. Mtu wa bango la kanisa. Mtu wa risiti. Mwalimu wa madrasa, yule yule, ametusamehe, anaomba mitihani ya muhula huu. Mpaka wale wanafunzi wakacheka. Ami alisimama tu pale mkono kwenye mausi. Sijawahi kumwona hana la kufanya na uso wake.

"Kila siku?" akauliza, kama anaiuliza kompyuta.

Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akairudisha, na sauti yake ya kila siku ikarudi, ile kavu. Akamwambia Moreen awapigie wote, mmoja mmoja, awaombe radhi, aanze na huyu bibi arusi, maana bibi arusi hana subira. Rosebella.

Nilikuwa nimemsahau Rosebella.

Moreen akachukua simu ya duka, akabonyeza namba. Na kwenye mkoba wangu wa shule, chini ya meza ya nyuma, simu ya Shangazi Zahara ikaanza kuimba kaswida.

Haikuwa na haraka. Iliimba ubeti mzima.

Moreen akakata. Kaswida ikakatika. Akapiga tena, macho yako kwangu, na mkoba ukaimba tena. Akaiweka simu mezani taratibu.

"Kwa hiyo Rosebella ni wewe," akasema. "Unaolewa lini, Kimya, na mimi sijui?"

Wanafunzi walicheka, hawakujua. Moreen hakucheka.

"Nilimtuma mimi," Ami akasema. "Mtoto usimguse. Nilimwambia akuchunge."

"Akanichunga." Moreen hakumwangalia, alikuwa bado na mimi. "Sawa. Umechunga. Umeona nini?"

Duka zima likanigeukia, hata dada wa wasifu. Yale maneno yalikuja mpaka kooni, yakaangaliana kama kawaida yao. Nilishika meza.

"Haikulia," nikasema. Halafu kwa sababu lilikuwa limeshatoka moja, mengine yakafuata. "Alisema kweli. Mchana haikulia hata siku moja. Ami, ukiizima kwenda kusali hairudi, inajificha. Umar ndiye aliipanga hivyo. Na ua linakuja na mashine. Omolo analo la mashine yake."

Nadhani ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa. Ami alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavuta kiti cha wateja, akaketi ubavuni pa Moreen, mahali wanapokaa wanaochapisha barua.

"Mwandikie Mzee Otim," akamwambia. "Mimi nasema, wewe andika. Andika kosa lilikuwa la Swaibu. Usiandike la kompyuta."

Moreen hakuanza kuandika.

"Omolo ananiita nikafanye kazi kwake tangu mwezi jana, Hajji," akasema. "Ndiyo hizo simu. Ndiyo hiyo kukaa kwenye ngazi. Nilimwambia nina mahali. Mbele ya wateja nilikuambia haikulia, ukaamini ting."

"Niliamini ting," Ami akasema.

Akangoja. Alikuwa na mikono miwili juu ya goti lake bovu. Moreen akavuta kibodi. "Mpendwa Mzee Otim," akasoma alichokuwa anaandika, na Ami akasema hapana, usiandike mpendwa, hatujafika huko, na dada wa wasifu akacheka, na nikaona bega la Moreen limeshuka kidogo.

Jioni wakati wa kufunga, Ami alimwambia, "Jumatatu." Si swali, si amri, ilikuwa katikati. Moreen akasema ataona.

Jumatatu mwalimu alifundisha nini sijui. Nilishuka kilima karibu nakimbia, na nilipofika kwenye nguzo ya duka nikasimama kwanza, nikaangalia kwa upande, maana sikutaka kukuta kiti kitupu nikiwa nimeshaingia. Sweta yake ilikuwa kwenye kiti. Mwenyewe alikuwa anagombana na printa.

Utepe ulikuwa umetoka, Ami yuko nyuma ya pazia anasali alasiri. Adhuhuri alikuwa ameshaugusa mara moja, Shangazi aliniambia baadaye, na sasa alikuwa akitoka kwenye mkeka anauangalia kwanza utepe kabla ya kuangalia watu. Lakini Moreen naye alikuwa amegundua maneno ya utepe yanaandikwa wapi. Chini ya maneno yangu alikuwa ameongeza mstari wake: Rosebella, kadi zako ziko tayari, njoo na bwana.

Nilicheka kwa pua. Hakugeuka. Akasukuma nusu chapati.

Kwenye lile jukwaa nimeandika pia, kwa Kiingereza cha shule. Nimependekeza kengele ikinyamazishwa isijifiche kamwe, na ihesabu kinachongoja. Mmoja amejibu kwamba kuna haja gani, mtu hawezi kusahau kitu alichokizima mwenyewe. Mwingine anataka ikilala igeuke kijipicha cha mwezi. Nimewaambia mwezi hapana. Ami akiona mwezi kwenye skrini atadhani ni kalenda ya mfungo, ataubonyeza kwa bismillahi. Yule wa kwanza bado nampangia jibu.

Simu yake Moreen anaigeuza kifudifudi nikipita na vitambulisho. Hapo zamani aliifunika kwa kiganja, sasa anaigeuza kabisa, bila kukatisha hadithi ya mwenye nyumba. Sijui kama ni Omolo bado. Sijamuuliza. Naangalia mbele, napita.